Usianzie Versailles

Mtu akifika Paris kwa mara ya kwanza, hata awe anapita tu siku mbili akielekea kwa jamaa zake Brussels au London, ataambiwa aende Versailles. Atakwenda. Atapanga foleni, atasukumwa na umati kutoka chumba hadi chumba, atapiga picha mia, na jioni atarudi kichwa kimejaa dhahabu bila kuwa na jambo moja la kusimulia. Versailles ndiko ilikoishia kazi ya karne nzima ya wasanifu waliofundishana, walioibiana mawazo na kunyang'anyana vibarua. Anayeanzia huko hukuta majibu ya maswali ambayo hajawahi kuyauliza.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Ni majengo ya takriban miaka mia moja, tangu Malkia Marie de Médicis alipoanza kujengewa kasri la Luxembourg mwaka 1615 hadi kanisa la mfalme pale Versailles lilipokamilika mwaka 1710. Huo ndio wakati wa Baroko. Wafaransa wengi hawalipendi jina hilo kwa majengo yao. Baroko, husema, ni ya Roma, kule kuta zinakopinda na malaika wanakoning'inia kila pembe. Wana hoja. Msanifu wa Kifaransa wa karne ya 17 alikuwa mchoyo wa mapambo upande wa nje. Nguvu yake aliiweka katika mpangilio: mstari mmoja ulionyooka, unaopita katikati ya lango, ua, mlango, ukumbi na bustani, na kila kilicho kulia kikijibiwa na kilicho kushoto. Basi popote uendapo, utafute mstari huo na usimame juu yake kabla hujatoa simu. Kisha sogea pembeni, ulitazame jengo kwa mshazari. Hapo utagundua kwamba uso uliodhani ni bapa kumbe una sehemu zinazotokeza na nyingine zinazorudi ndani, na kivuli ndicho kinachofanya kazi ambayo Mroma angeifanya kwa sanamu.

Makanisa kwanza

Siku ya kwanza, kwa sehemu kubwa, huna haja ya tiketi. Nenda nyuma ya Hôtel de Ville, jengo la manispaa ya Paris, ukasimame mbele ya kanisa la Saint-Gervais. Kanisa lenyewe ni la Kigothi, la zamani zaidi, lakini kati ya 1616 na 1621 lilijengewa uso mpya ambao mara nyingi huhesabiwa kuwa kazi ya Salomon de Brosse, yuleyule wa Luxembourg. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunza nguzo. Chini zipo za Kidoriki, nene, kichwa kikavu kisicho na pambo. Katikati ni za Kiioniki, zenye mizingo miwili kichwani. Juu kabisa ni za Kikorintho, ambazo kichwa chake ni majani yaliyochongwa. Nzito chini, nyepesi juu: mpango huo walirithi kwa Warumi wa kale, na ukishautambua hapa utautambua kila mahali.

De Brosse, kwa taarifa yako, alikuwa Mprotestanti. Hekalu kubwa alilowajengea waumini wenzake kule Charenton lilibomolewa mwaka 1685, mwaka ambao Louis XIV aliwafutia Waprotestanti haki ya kuabudu. Mwaka huohuo mfalme huyo alitoa Code Noir, sheria ya kuwatawala watumwa katika makoloni yake ya Karibi. Weka jambo hilo akilini utakapoanza kusifu uungwana wa enzi yake.

Ukimaliza Saint-Gervais, tembea kuelekea mashariki mpaka rue Saint-Antoine, kwenye kanisa la Saint-Paul-Saint-Louis, ambalo Wajesuiti walilijenga kati ya 1627 na 1641. Simama ng'ambo ya barabara na utafute kuba. Hulioni. Lipo, kubwa kabisa, lakini uso wa ghorofa tatu umepanda mno hata ukalificha. Ingia ndani ndipo utakutana nalo juu ya kichwa chako. Kosa hilo lina faida kwako, kwa sababu wasanifu waliofuata walilisahihisha, na unaweza kuwafuata wakilisahihisha hatua kwa hatua. Jacques Lemercier, alipojenga kanisa la Sorbonne kwa ajili ya Kardinali Richelieu kuanzia 1635, aliupunguza uso ukawa wa ghorofa mbili, na kuba likaonekana tangu uwanjani. Milango ya Sorbonne mara nyingi imefungwa, lakini huhitaji kuingia. Unachokitaka kipo nje.

Kutoka hapo panda rue Saint-Jacques hadi Val-de-Grâce. Hili ndilo kanisa ambalo ningekusihi usilikose hata kama miguu inauma. Malkia Anne wa Austria aliolewa mwaka 1615 na akakaa miaka 23 bila mtoto. Aliweka nadhiri kwamba akijaliwa mwana atamjengea Mungu kanisa. Mwaka 1638 akazaliwa Louis XIV, na mwaka 1645 mtoto huyo, akiwa tayari mfalme, aliweka jiwe la msingi. Kazi alipewa François Mansart, msanifu hodari kuliko wote wa kizazi chake na mgumu kuliko wote kufanya naye kazi. Alikuwa na tabia ya kubadili ramani mafundi wakiwa juu ya jukwaa, na kubomoa kilichokwisha kujengwa. Gharama zikapaa. Haukupita muda mrefu akaondolewa, Lemercier akaletwa, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikasimamisha ujenzi, na mwishowe Pierre Le Muet na Gabriel Le Duc wakalikamilisha katika miaka ya 1660. Kwa hiyo unapolitazama, anza chini. Ukumbi wa nguzo unaotokeza mbele ya mlango ni fikra ya Mansart. Kuba lililojaa mapambo juu yake lina sauti nyingine, ya watu waliokwenda Roma na kurudi. Ndani, altare imefunikwa na dari linaloshikiliwa na nguzo sita zilizosokotwa, jibu la wazi kwa zile nne alizoziweka msanifu Bernini katika kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Mahali hapa ni eneo la jeshi na saa za kuingia ni chache. Uliza kabla ya kwenda.

Kuzaliwa kwa mtoto yuleyule kulimharibia Mansart kibarua kingine. Kule Blois, kwenye mto Loire, alikuwa akimjengea kasri Gaston, ndugu wa Mfalme Louis XIII, aliyetarajia kurithi kiti. Mwaka 1638 mrithi akazaliwa, matumaini ya Gaston yakaisha, pesa nazo zikaisha. Bawa moja tu lilisimama, na ndani yake kuna mapambo yaliyoachwa nusu. Ukitaka kumwona Mansart akiwa amemaliza kazi yake, panda treni ya RER A hadi Maisons-Laffitte. Kasri la Maisons, alilomjengea René de Longueil, ni la miaka ya 1630 na 1640. Ukumbi wa kuingilia ni jiwe tupu. Hakuna dhahabu, hakuna rangi. Kuna nguzo za Kidoriki, tai waliochongwa na mwanga unaoingia kutoka pande mbili. Milango yake ya chuma ilikuwa ya ajabu kiasi kwamba leo mmoja umo Louvre, kwenye Galerie d'Apollon. Wageni ni wachache. Mimi naliweka juu ya Versailles, na sioni haya kulisema.

Neno moja kuhusu mapaa. Lile paa lenye miteremko miwili, wa chini mkali na wa juu wa taratibu, linaloacha nafasi ya vyumba darini, limepewa jina la Mansart duniani kote. Hakulibuni yeye. Alilitumia vizuri tu, na jina likamganda.

Simama katikati ya daraja

Alasiri yoyote isiyo na mvua, nenda Pont des Arts, daraja la waenda kwa miguu linalovuka mto Seine mbele ya Louvre. Simama katikati. Upande wa kusini unaona kuba na mabawa mawili yaliyopinda kama yanataka kukumbatia mto. Hicho kilikuwa Collège des Quatre-Nations, chuo kilichojengwa kwa fedha za wosia wa Kardinali Mazarin kwa ajili ya vijana 60 kutoka majimbo mapya ya Ufaransa. Sasa ni makao ya Institut de France, na ndimo inamokaa Académie française. Msanifu ni Louis Le Vau, aliyeanza kazi mwaka 1662. Geuka kaskazini: lango la Louvre liko sawasawa na kuba hilo. Le Vau alikuwa akisimamia Louvre wakati huohuo, naye akayatazamisha majengo mawili kwa makusudi, mto ukiwa katikati. Kuta zile zilizopinda ndiyo Baroko ya Kiroma iliyokaribia kabisa kuota mizizi Paris.

Sasa vuka uende Louvre, lakini usielekee kwenye piramidi ya vioo. Zunguka upande wa mashariki, mkabala na kanisa la Saint-Germain-l'Auxerrois. Karibu kila mgeni anaingilia magharibi na kutokea magharibi, kwa hiyo mbele ya uso muhimu kuliko zote wa Louvre mara nyingi utakuwa peke yako. Mwaka 1665 Louis XIV alimwita Bernini mwenyewe kutoka Roma aje abuni uso huu. Mzee alipokewa kama balozi, akachora, akawadharau Wafaransa waziwazi, jiwe la msingi likawekwa mwezi Oktoba, akarudi kwao. Na michoro yake haikujengwa kamwe. Waziri Colbert aliikabidhi kazi kamati ya watu watatu: Le Vau, mchoraji Charles Le Brun na Claude Perrault, ambaye alikuwa daktari. Ndiyo, daktari wa tiba, na mdogo wake ni Charles Perrault, mwandishi wa hadithi za watoto. Inasimuliwa kwamba Claude alikufa mwaka 1688 kwa maambukizi aliyoyapata alipokuwa akipasua mzoga wa ngamia.

Tazama nguzo zao: zimesimama mbili mbili, na nafasi pana kati ya jozi na jozi. Jiwe peke yake lisingeweza kubeba nafasi hiyo bila kupasuka, kwa hiyo ndani ya mawe wameficha vyuma vinavyoyashika pamoja. Tazama pia kwamba huoni paa. Mapaa marefu ya Kifaransa yamefutwa, badala yake ni mstari ulionyooka wa ukingo wa mawe. Ajabu ni kwamba kabla kazi haijakwisha mfalme alikuwa amekwisha kuhamishia moyo wake Versailles, na upande huu wa Louvre ukakaa miaka mingi bila kuezekwa.

Vaux-le-Vicomte

Ukiwa na siku moja ya kutoka nje ya jiji, itoe kwa Vaux. Unapanda treni Gare de Lyon hadi Melun, na kutoka hapo ni teksi ya kilomita chache.

Mwenye mali alikuwa Nicolas Fouquet, msimamizi mkuu wa fedha za ufalme. Kati ya 1656 na 1661 aliwakusanya watu watatu ambao walikuwa hawajawahi kufanya kazi kubwa namna hiyo pamoja: Le Vau kwa jengo, Le Brun kwa michoro, André Le Nôtre kwa bustani. Tarehe 17 Agosti 1661 alimkaribisha mfalme, kijana wa miaka 22, kwa karamu, fataki na mchezo mpya wa Molière. Wiki tatu hazijapita, tarehe 5 Septemba, Fouquet akakamatwa kule Nantes, na aliyetumwa kumkamata ni d'Artagnan, askari wa mfalme, yule hasa wa riwaya. Alikufa gerezani mwaka 1680. Watu husema karamu ndiyo iliyomponza. Kwa kweli Colbert alikuwa akimchimbia kwa miezi mingi. Karamu ilimthibitishia tu mfalme kwamba mtumishi wake anaishi kifahari kuliko yeye. Kisha mfalme akawachukua wasanii wote watatu, akachukua na michungwa ya bustanini.

Ukiingia, nenda moja kwa moja kwenye sebule ya umbo la yai iliyo katikati, inayotokeza kuelekea bustani. Huo ni uvumbuzi wa Le Vau ambao uliigwa Ulaya nzima: ukumbi wenye kuba, si wa mraba wala wa duara, unaokulazimisha macho yatoke nje. Tazama juu. Dari ni tupu. Le Brun alikuwa bado hajaanza kulipaka bwana wake alipokamatwa. Tafuta pia kindi mdogo, nembo ya Fouquet, aliyechongwa na kuchorwa sehemu nyingi za nyumba.

Halafu toka, usimame kwenye ngazi za nyuma, ujiulize bustani ina urefu gani. Utakosea. Le Nôtre aliinamisha ardhi na kupanua vidimbwi vya mbali ili kila kitu kionekane karibu. Utaona kidimbwi cha mraba, na ukingoni mwake ukuta wenye mapango na sanamu. Anza kutembea. Kadiri unavyosogea, mapango yanakukimbia. Ukifika kidimbwini unakuta ardhi imekatika ghafla, na chini yako, mahali ambapo hukuona chochote, umelala mfereji wenye urefu wa karibu kilomita moja. Mapango yapo ng'ambo yake. Itakubidi uuzunguke. Fanya hivyo, panda kilima cha mwisho mpaka kwenye sanamu ya Herakle, ndipo ugeuke ulitazame kasri. Vaa viatu vya kutembea. Watu wengi huishia kwenye vidimbwi vya kwanza, wakarudi kunywa kahawa, na mchezo wote ukawapita.

Inua kichwa Invalides

Hôtel des Invalides ilijengwa kuanzia 1671 na Libéral Bruant iwe makazi ya askari wazee na majeruhi. Kanisa lake likamshinda, akaletwa Jules Hardouin-Mansart, mjukuu wa ndugu yake François, aliyejiongezea jina la babu huyo mkubwa na kulitumia vilivyo. Tatizo lilikuwa la itifaki: mfalme na askari wasali pamoja bila kuingia mlango mmoja. Akalijibu kwa kuunganisha makanisa mawili kwenye altare, la askari upande wa ua na la mfalme upande wa kusini. Kwa hiyo ingia kwa kusini, ukitokea avenue de Breteuil, ambako kuba lenye dhahabu, mita 107 hadi ncha yake, linaonekana tangu mbali na lote.

Ndani, watu wote wanainamisha vichwa kutazama kaburi la Napoleon, lililo katika shimo lililochimbwa karne ya 19 katikati ya sakafu. Wewe inua kichwa. Makuba ni matatu, yamepangwa kama sufuria moja ndani ya nyingine. La ndani limeachwa wazi katikati. Kupitia uwazi huo unaliona la pili, lililopakwa picha na Charles de La Fosse, likimulikwa na madirisha ambayo kutoka chini huwezi kuyaona. La tatu, la mbao na risasi, ndilo lililopakwa dhahabu nje. Ndiyo sababu mbingu ile inaelekea kung'aa yenyewe. Kwa maoni yangu hakuna kanisa bora kuliko hili katika Ufaransa ya wakati huo, na lilichukua karibu miaka thelathini, hadi 1706.

Huyu Hardouin-Mansart alikuwa pia mfanyabiashara. Place Vendôme aliijenga nyuso tupu kwanza, kuta zenye nguzo na madirisha, kisha viwanja vya nyuma vikauzwa kwa matajiri ili kila mmoja ajenge nyumba yake apendavyo. Pita hapo jioni; hapahitaji zaidi ya robo saa.

Sasa Versailles

Panda RER C hadi Versailles Château Rive Gauche, ufike kabla ya milango kufunguliwa. Ukiwa uani, songa mpaka kwenye ua wa marumaru mwishoni kabisa. Matofali mekundu na mawe meupe unayoyaona hapo ni nyumba ya uwindaji ya Louis XIII. Mwanawe alikataa ibomolewe, kwa hiyo kuanzia 1668 Le Vau aliizungushia jengo jipya la mawe upande wa bustani. Le Vau alikufa mwaka 1670. Hardouin-Mansart akaja, akaongeza mabawa, na ukumbi wa wazi ambao Le Vau aliuacha kuelekea bustani akauziba akafanya Galerie des Glaces, kati ya 1678 na 1684. Una mita 73, madirisha 17 na matao 17 ya vioo, vioo 357 kwa jumla. Vitazame kwa karibu: ni vipande vidogo vidogo vilivyounganishwa, kwa sababu vioo vikubwa havikuwezekana kutengenezwa bado. Kabla ya hapo vioo vya namna hiyo vilitoka Venezia. Colbert alianzisha kiwanda cha Kifaransa mwaka 1665 ili kuuvunja ukiritimba huo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu nyingine ya kusimama hapa. Tarehe 28 Juni 1919, katika ukumbi huuhuu, Ujerumani ilitia saini mkataba wa kuyaachia makoloni yake yote, Afrika Mashariki ya Kijerumani ikiwemo. Ndivyo Tanganyika ilivyokuja kuwa chini ya Waingereza, na Rwanda na Burundi chini ya Wabelgiji.

Kanisa la mfalme, ambalo kwa kawaida hutazamwa kutoka mlangoni, usilipite haraka. Hardouin-Mansart alilianza mwaka 1699, akafa 1708, na shemeji yake Robert de Cotte akalikamilisha. Chini ni matao mazito ya watumishi na waheshimiwa. Juu, kwenye ghorofa ya mfalme, ni nguzo za Kikorintho zilizosimama huru na mwanga mwingi. Ile nzito chini na nyepesi juu uliyoiona Saint-Gervais, hapa imekuwa ngazi ya vyeo.

Bustanini, uliza siku za maji. Chemchemi huwashwa siku maalumu tu za msimu, na hata enzi za Louis XIV maji hayakuwahi kutosha: mtambo wa Marly, wenye magurudumu 14, ulianza mwaka 1684 kuyapandisha maji ya Seine, lakini wahudumu waliendelea kupigiana mluzi, wakifungulia chemchemi mfalme anapokaribia na kuzifunga akishapita.

Panga siku zako mapema. Versailles hufungwa Jumatatu na Louvre Jumanne. Vaux hufunguliwa kwa msimu, kwa hiyo wakati wa baridi hakikisha kwanza. Wikiendi ya tatu ya Septemba, siku za urithi wa taifa, hufunguliwa milango ambayo kwa kawaida imefungwa, pamoja na ya kasri la Luxembourg, ambalo sasa ni makao ya Seneti. Bei hubadilika, basi nunua tiketi kwenye tovuti rasmi ya kila mahali, si kwa wachuuzi wa vituoni. Na ukiwa na siku moja tu Paris, iache Versailles kabisa: asubuhi Saint-Gervais na Val-de-Grâce, mchana Pont des Arts na ule upande wa mashariki wa Louvre, alasiri Invalides. Ukipata siku ya pili, nenda Vaux.